Je, wiki tatu Ufaransa zitanifungua mdomo?

*"Nina miaka 41. Kwa miaka miwili nimekuwa nikijifunza Kifaransa kwa programu ya simu, karibu kila siku. Nikipewa habari fupi nasoma na kuelewa, lakini mtu akinisemesha nabaki kumtolea macho. Septemba mimi na mume wangu tunaenda Ufaransa kwa wiki tatu. Yeye hajui Kifaransa hata neno, na anataka tuone kila kitu: Paris, Mont-Saint-Michel, Strasbourg, Lyon, Nice, Bordeaux. Mimi nataka nirudi naongea. Kuna wakati nilipita Paris siku mbili, nikaagiza kahawa kwa sentensi niliyoikariri, mhudumu akanijibu kwa Kiingereza, nikanywea. Wenzangu wananiambia nisihofu, ukishakuwa na wenyewe lugha inaingia yenyewe. Ni kweli? Nilipie shule ya lugha wiki moja, au hela hiyo niiweke kwenye miji zaidi? Na nikirudi, naweza kufanya mtihani wa DELF B1?"*

Dada, pole kwa ile kahawa ya Paris. Nianze na jibu la mkato, sababu zifuate. Wiki tatu hazitakupa lugha ambayo huna. Zinaweza kukutolea mdomoni lugha ambayo tayari iko kichwani, na kwa unavyojieleza, iko ya kutosha: anayesoma habari fupi akaelewa si mgeni wa Kifaransa. Ila kwa ratiba hiyo ya miji sita utarudi na picha nzuri na maneno yale yale uliyoondoka nayo.

Nikisoma barua yako vizuri, naona hofu yenyewe si Ufaransa. Unaogopa kwamba miaka miwili ya kubofya simu imekwenda bure, na kwamba safari hii ndiyo nafasi pekee ya kuikomboa. Haijaenda bure. Kujua lugha ni kazi zaidi ya moja. Kuyatambua maneno ukiyaona yameandikwa umeshajifunza. Kuyakamata yakipita kwa kasi sikioni, na kuyatoa mwenyewe kabla mwenzako hajachoka kusubiri, ni kazi nyingine, na simu haikukufundisha kwa sababu haikukudai. Simu husubiri. Mtu hasubiri.

Sasa huo usemi wa "inaingia yenyewe". Umewapotezea watu wengi nauli. Mwaka 2004 watafiti watatu, Barbara Freed, Norman Segalowitz na Dan Dewey, walichapisha utafiti wa wanafunzi wa Kifaransa waliozoea Kiingereza, wakiwa makundi matatu: waliobaki kwenye darasa la kawaida chuoni, walioenda kusoma Ufaransa, na waliobaki kwao lakini wakaingia programu ya kiangazi iliyowabana kutumia Kifaransa kutwa. Waliopiga hatua kubwa zaidi katika ufasaha wa kusema walikuwa hao wa tatu, ambao hawakuvuka bahari. Sababu ilionekana pale saa za matumizi zilipohesabiwa: kundi hilo lilisema na kuandika Kifaransa saa nyingi zaidi kwa wiki kuliko wenzao wote, huku wale waliokuwa Ufaransa, wakitoka darasani, wakitumia Kiingereza kuliko Kifaransa. Walikuwa katikati ya Wafaransa, wanaongea wao kwa wao.

Kuna jambo jingine linalokugusa moja kwa moja. Mwanaisimu wa Kanada, Merrill Swain, katika miaka ya 1980 aliwaangalia watoto wa nyumba za Kiingereza waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa. Kwa kuelewa walikuwa wazuri sana, lakini wakisema au kuandika, makosa ya sarufi yalibaki palepale. Alichohitimisha Swain ni kwamba kusikiliza hakukulazimishi kuchagua. Ukisikiliza unaweza kuidaka maana kwa kubahatisha, ukaacha viungo vya sentensi vipite. Ukisema hakuna pa kujificha: ni "le" (neno la kiume) au "la" (neno la kike), ni "j'ai" (nina) au "je suis" (mimi ni), na unatakiwa uamue sasa hivi. Uamuzi huo, ukirudiwa mara nyingi mbele ya watu, ndio unaofungua mdomo.

Hesabu basi siku ya mtalii wa miji sita. Asubuhi mnafunga mabegi, mnaingia treni, mnakaa kimya saa tatu. Hoteli inawapokea kwa Kiingereza. Foleni ya makumbusho, tiketi kwenye mashine, chakula kwa kunyoosha kidole kwenye menyu, kisha nyinyi wawili mnazungumza lugha yenu hadi usingizi. Kifaransa kilichosemwa siku nzima hakijazi dakika kumi, na kila siku ni dakika kumi zile zile, kwa sababu kila mji unaanza upya na watu usiowajua.

Kabla sijakupangia safari, nikueleze kwa nini unasoma lakini husikii, maana hapo watu wengi hujilaumu bure. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na kila silabi inapewa haki yake. Kifaransa cha mdomoni kinameza na kuunganisha. "Je ne sais pas" (sijui) uliyoisoma kwenye simu kama maneno manne itakufikia kama "shepa". "Il y a" (kuna) inakuwa "ya". "Tu as" (una) inakuwa "ta". Ile "ne" ya kukanusha, uliyoisumbukia mno, kwenye mazungumzo ya kawaida huachwa kabisa. "Les amis" (marafiki) inasikika "lezami", na sikio lako linatafuta neno "zami" ambalo halipo. Kwa hiyo unapoduwaa, tatizo si kwamba umesahau neno. Hujawahi kukutana nalo likiwa na sura hiyo.

Halafu kuna irabu. Sisi tuna tano. Wao, ukijumlisha na zile za puani, wana zaidi ya 10, na sikio lililozoea tano huzibana zote ndani ya hizo tano. "Dessus" ni juu na "dessous" ni chini, na kwa sikio la Mswahili zote ni "desu". Irabu ile ya "tu" haipatikani kwa kukaza koo. Sema "i" ndefu, ulimi usiuondoe ulipo, kisha kunja midomo kama unayetaka kusema "u". Umeipata. Jifunze pia kutofautisha "bain" (kuoga), "banc" (benchi) na "bon" (nzuri), maana zote zinapita puani na kila moja ina maana yake. Na mkazo: sisi tunaukandamiza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi husema "resTOran". Mfaransa huubeba hadi mwisho wa fungu zima la maneno. Rekebisha hilo peke yake na utaona watu wanakuelewa kwa haraka ya ajabu, hata irabu zako zikiwa bado mbovu.

Usiogope sana "le" na "la". Mtu aliyekua akisema "kitabu kizuri" na "vitabu vizuri" bila kufikiri ameshazoea lugha inayodai upatanisho. Mwenye Kiingereza peke yake ndiye anayelia hapo.

Turudi kwa mhudumu wako. Watu wengi wanaamini Wafaransa wana dharau na hawapendi kusikia lugha yao ikikosewa. Tafsiri iliyo karibu na ukweli ni nyepesi zaidi: ana meza nyingi, amekuona unasita, akachagua njia fupi, na pengine alidhani anakufanyia hisani. Wengine hupenda tu kuonyesha Kiingereza chao. Hakuna hukumu humo. Kilichokuangusha ni kwamba uliikariri sentensi yako na hukuandaa masikio kwa jibu lake. Sentensi nzuri huvuta jibu la kasi. Ukishatoa macho, yeye hubadilisha lugha.

Chukua duka la mikate, ambalo nalipenda kuliko darasa lolote. Unaingia. Kabla ya chochote unasema "Bonjour". Hili si pambo. Ufaransa anayeanza na ombi bila salamu anahesabiwa hana adabu, na mengi yanayoitwa ukali wa Wafaransa huanzia hapo. "Bonjour madame, une tradition, s'il vous plaît." Hiyo "tradition" ni aina ya mkate mrefu wa baguette. Atakuuliza unataka uliokolea moto au la, nawe useme "pas trop cuite", yaani usiokolea sana. Atasema "Avec ceci ?", yaani kuna kingine? Hapo ndipo wageni wengi hukwama, maana kwenye simu hawakuliona swali hilo. Jibu ni "Ce sera tout, merci", yaani ni hayo tu, asante. Atataja bei, na bei nayo ina mitego: "quatre euros vingt" ni 4.20, "vingt-quatre euros" ni 24, na "quatre-vingts euros" ni 80. Atakutakia "bonne journée" (siku njema), utajibu "vous aussi" (nawe pia). Sekunde arobaini, na umekwisha. Kesho rudi duka lile lile, saa ile ile. Siku ya tatu utasikia maneno uliyoyakosa siku ya kwanza. Siku ya tano atakuuliza unatoka wapi, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Mtu akibadili lugha, usinyamaze wala usimfuate. Mwambie kwa tabasamu: "On peut continuer en français ? J'apprends", yaani tunaweza kuendelea kwa Kifaransa? Najifunza. Wengi watakubali. Asiyekubali mwache na foleni yake. Na uwe na sentensi za kununua muda: "Alors…" (basi), "Attendez…" (subiri), "Comment dire…" (nisemeje). Ukimya mtupu ndio unaomfanya mtu akimbilie Kiingereza. Kusitasita kwa Kifaransa humwambia kwamba bado uko naye.

Kutokana na hayo, ushauri wangu juu ya ratiba ni mkali kidogo. Punguza miji. Chukua siku nne au tano Paris, kisha wiki mbili nzima mahali pamoja, na zinazobaki mpe mume wako achague. Hapo mahali pamoja ningekupeleka Tours au Lyon.

Tours ni mji wa wastani katika bonde la mto Loire, saa moja na dakika chache kwa treni ya kasi kutoka Paris. Una sifa ya zamani kwamba ndiko kunakosemwa Kifaransa safi kuliko kote. Usiichukulie kwa uzito, Kifaransa kinasemwa vizuri mahali pengi, ila sifa hiyo imeufanya mji uzoee wanafunzi wa kigeni, na hilo linakufaa. Kubwa zaidi, mume wako hatakosa cha kuona. Amboise ni mwendo mfupi kwa treni. Chenonceau, kasri lililojengwa juu ya mto Cher, lina kituo cha reli mlangoni. Kuna kasri la Chambord, lililoanza kujengwa mwaka 1519, na bustani za Villandry. Hata Bordeaux anayoitaka mnaweza kwenda asubuhi mkarudi jioni. Lyon ni mji mkubwa, saa mbili tu toka Paris, na una mitaa ya kale yenye vichochoro vinavyopita ndani ya majengo, viitwavyo traboules. Ukipenda pilikapilika chagua Lyon. Ukipenda kutambulika na muuza mboga, chagua Tours.

Strasbourg na Nice ni miji mizuri, lakini kwa lengo lako ziache. Mont-Saint-Michel mume wako akiing'ang'ania, mpe siku yake, ila ujue utakuwa kwenye msongamano wa watalii wenzako na hutasema neno.

Kuhusu Paris sikubaliani na wanaosema haifai kwa kujifunza. Tatizo liko maeneo ya watalii wengi. Ukikaa mtaa wenye soko, shule na kituo cha basi, mbali na mnara wa Eiffel, utapata Kifaransa chote unachokitaka. Ni kweli kwamba kwa siku nne watu hawatakuzoea, na lugha yako inahitaji watu waliokuzoea. Na kwa kuwa wengine watasoma haya wakiwa bado hawajachagua nchi: Ufaransa si lazima. Abidjan, kwa mfano, Kifaransa ni lugha ya mtaani na sokoni, watu wanakisema wao kwa wao. Dakar ni habari nyingine, kwani huko ofisini utasikia Kifaransa lakini mtaani Kiwolof ndicho kinachotawala. Kabla ya kukata tiketi ya nchi yoyote, uliza watu hununua nyanya kwa lugha gani.

Utalii wenyewe unaweza kuwa darasa zuri, kwa sharti moja: uijue hadithi kabla ya kuisikia. Ubongo unaojua kinachosimuliwa haupotezi nguvu kutafuta maana, unabaki na nafasi ya kuyasikia maneno. Nikupe mfano wa Clos Lucé pale Amboise. Soma kwanza kwa lugha unayoijua vizuri: Leonardo da Vinci alikuja kwa mwaliko wa mfalme François wa Kwanza mwaka 1516, akaishi kwenye nyumba hiyo, akafia humo tarehe 2 Mei 1519. Kisha nenda, na sauti ya maelezo uichague ya Kifaransa. Ukisikia "il est mort" (alifariki) na "mille cinq cent dix-neuf" (1519), utazitambua kwa sababu ulikuwa unazisubiri. Ukienda mikono mitupu, utasikia upepo.

Pendelea matembezi yenye mwongozaji, "visite guidée en français", kwenye kasri dogo lenye wageni wachache. Kaa mbele, uliza swali moja uliloliandaa. Moja tu linatosha, na chagua lile ambalo kweli unataka jibu lake. Makumbusho makubwa yaone kwa raha ya macho, usiyageuze shule. Kumbuka tu kwamba Louvre hufungwa Jumanne na Orsay hufungwa Jumatatu. Na mwezi mliochagua una zawadi ndani yake. Wikendi ya tatu ya Septemba ni Journées européennes du patrimoine (Siku za Urithi za Ulaya), shughuli iliyoanza Ufaransa mwaka 1984, ambapo majengo mengi yasiyofunguliwa kwa umma siku nyingine hufunguliwa, mara nyingi bure. Mlangoni unamkuta mwenyeji aliyejitolea, anayelipenda jengo lake na aliyetamani mtu wa kumsikiliza. Huyo hatabadilisha lugha. Huyo hata kunyamaza hanyamazi.

Malazi nayo yafikirie upya. Hoteli inakupa ufunguo na neno la siri la intaneti. "Chambre d'hôtes", chumba kwenye nyumba ya wenyeji, inakupa mtu mezani asubuhi. Tafuta yenye "table d'hôtes", ambako wageni hula chakula cha jioni pamoja, mlo mmoja kwa wote. Mlo mmoja wa aina hiyo unaweza kuzidi siku tatu za mitaani. Ni mgumu, nakuonya. Kikao cha watu sita wakiongea kwa pamoja ndicho kipimo kigumu kuliko vyote, na usiku wa kwanza huenda usielewe nusu. Omba kukaa jirani na mzee. Wazee husema polepole na huuliza maswali.

Na mume wako asionekane mzigo. Mtu asiyejua neno ni sababu halali ya wewe kusema. Anataka shati la saizi kubwa, anataka kujua kama mchuzi una nguruwe, anataka kubadilisha kiti kwenye treni: kazi yako hiyo, na hakuna Kiingereza kwa sababu umekubaliana naye hivyo. Tofauti na zoezi la darasani, hapa kuna mtu anayesubiri jibu kwa njaa. Ila mtengane saa chache kila siku. Kama asubuhi uko darasani au sokoni, yeye apande kasri lake, mkutane mchana. Mkiandamana kutwa, lugha ya nyumbani itashinda, na siwalaumu, mko likizo.

Shule basi. Ningelipa, na ningeiweka mwanzo wa zile wiki mbili, si mwishoni. Wiki moja ya masomo ya kikundi kwa kawaida ni saa 15 hadi 20. Haikupandishi ngazi, na shule ikikuahidi hivyo, ikimbie. Inachokupa ni mtu wa kukusahihisha, wenzako wa kuogopa nao pamoja, na sababu ya kuamka ukasema. Mchana unayatumia uliyojifunza asubuhi, na hilo huwezi kulipata kwa simu. Kabla ya kulipa, uliza mambo machache: je, wanapima kiwango chako kabla ya kukupangia darasa? Darasa lina watu wangapi? Wanafunzi wanatoka nchi mchanganyiko? Darasa lenye watu wa lugha moja hugeuka kijiwe cha lugha hiyo wakati wa mapumziko. Ufaransa kuna alama rasmi ya ubora kwa shule za aina hii, Label Qualité français langue étrangère, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kama fedha inatosha kimoja tu kati ya shule na chumba cha wenyeji wanaokula na wageni, mimi ningechagua chumba. Kama ni kati ya shule na Nice, chagua shule. Na uliza maktaba ya mji kuhusu "atelier de conversation". Maktaba nyingi za umma huendesha mikutano hiyo ya mazungumzo kwa wageni, na mara nyingi haina malipo.

Muda uliobaki kabla ya safari uutumie kwa sikio. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ina Journal en français facile, habari za dakika kumi kwa Kifaransa kilichorahisishwa, pamoja na maandishi yake. Sikiliza bila maandishi, sikiliza tena ukisoma, kisha funga maandishi usikilize mara ya tatu. Ile mara ya tatu ndiyo inayofundisha, na ndiyo wengi wanayoiruka. TV5MONDE, televisheni ya Kifaransa, wana mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa ngazi. Na tafuta saa moja kwa wiki na mtu wa kuongea naye, hata kwa simu, ili mtu wa kwanza kukusikia ukikosea asiwe yule wa mkahawani.

Sasa DELF B1, yaani mtihani wa cheti rasmi cha Kifaransa katika ngazi ya B1. Mtihani una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema, kila moja alama 25. Kufaulu ni 50 kati ya 100, na usishuke chini ya 5 kwenye sehemu yoyote. Cheti hakiishi muda, kwa hiyo hakuna haraka. Safari itakusaidia kwenye kusikiliza na kusema. Kuandika haitakugusa kabisa, na B1 inataka uandike maoni yako kwa aya zenye mpangilio. Usijisajili kwa tarehe ya wiki moja baada ya kurudi. Kwa mtu wa kiwango unachonielezea, miezi mitatu hivi ya kuandika kila wiki na kusahihishwa ndiyo hesabu ya busara zaidi, na kama kipimo cha awali kitakuonyesha uko A2, ngazi iliyo chini ya B1, chukua A2 bila aibu. Chuo kinachowafundisha wanadiplomasia wa Marekani huwapa Kifaransa wiki 30 hivi za masomo ya kutwa, tena watu ambao Kiingereza chao kimejaa maneno ya Kifaransa. Wewe umefika ulipo kwa jioni za simu. Miaka 41 itakuachia lafudhi, basi. Mengine yote yanapatikana.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kumaliza. Matamshi ni moja: tafuta mwalimu akusikilize ana kwa ana, hata vipindi viwili au vitatu, kwa sababu mwenyewe huwezi kusikia sauti ambayo sikio lako bado halijaitofautisha. La pili, ukiona hata lugha yako mwenyewe unapata shida kuisikia penye kelele, au unaomba watu warudie mara kwa mara, nenda ukapimwe masikio kabla ya kulaumu Kifaransa. La tatu, kunywea kwa aibu ni kawaida, lakini kama ukitakiwa kusema moyo unakwenda mbio, unatetemeka, na umeanza kukwepa watu hata kwa lugha unazozijua, zungumza na mshauri nasaha. Hilo halitatibiwa na msamiati. Na la viza liulize ubalozi mdogo wa Ufaransa. Kwa jumla viza fupi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ufaransa ikiwemo) haizidi siku 90 ndani ya kila siku 180, wiki moja ya shule inaingia humo bila tatizo, na bima ya safari inayodaiwa ni ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Kozi inayozidi miezi mitatu ni viza nyingine kabisa.

Kitu cha mwisho kabla hujakata tiketi: madarasa mengi ya wiki huanza Jumatatu, na kipimo cha kiwango mara nyingi hufanywa asubuhi hiyo hiyo. Fikeni Tours au Lyon Jumamosi, ili Jumapili ushike njia ya kwenda shuleni na ujue duka la mikate lipo upande gani.